Mfa maji wa Tau Ceti

Jina la riwaya hii lilinipoteza kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Nimelelewa katika nyumba ya rozari, ambamo kila jioni baada ya chakula tulipiga magoti sebuleni na kusema "Salamu Maria, umejaa neema" mara hamsini na tatu, huku wadogo wakisinzia na bibi akiwagusa bega bila kukatiza sala. Kwa hiyo nilipoazimwa kitabu kiitwacho Project Hail Mary nilidhani nimepewa kitabu cha dini. Kumbe Wamarekani wanalitumia jina la sala hiyo kwa jambo jingine kabisa. Tarehe 28 Desemba 1975, katika ule mchezo wao wanaouita mpira wa miguu ingawa unachezwa zaidi kwa mikono, Roger Staubach wa Dallas Cowboys alikuwa anashindwa na muda ulikuwa unayoyoma. Akaurusha mpira mbali kadiri mkono wake ulivyoweza, Drew Pearson akaudaka, na Minnesota Vikings wakafungwa. Alipoulizwa baadaye alijibu kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Tangu siku hiyo jina hilo limeenea kwa kila jaribio la mwisho linalofanywa na mtu aliyekwisha kuishiwa njia.

Sisi tungesema mfa maji haachi kutapatapa. Lakini methali yetu ina ubaridi fulani, kwa sababu anayeisema yuko ufukweni na keshajua kwamba yule aliye majini hatapona. Riwaya hii inamweka msomaji majini pamoja na mtu huyo, na kilichonivutia ni kwamba huyu wa kwetu anatapatapa huku anahesabu.

Mwandishi wake ni Andy Weir, mtaalamu wa programu za kompyuta ambaye riwaya yake ya kwanza, ile ya mtu aliyeachwa peke yake Mirihi, aliitoa sura kwa sura kwenye tovuti yake kabla wachapishaji hawajamfuata. Hii ninayoizungumzia ilitoka Mei 2021. Nitaieleza mpaka mwisho wake, kwa sababu ninalotaka kulisema limo katika mwisho huo, hivyo anayetaka kuisoma bila kujua litakalotokea na aiweke makala hii kando kwanza.

Mtu mmoja anazinduka kitandani katika chumba asichokijua, mirija ikiwa mwilini, na pembeni yake wamelala wenzake wawili waliokufa zamani. Hajui jina lake. Anachokijua ni kwamba vitu vinaanguka vibaya. Anachukua saa na utepe wa kupimia, anaangusha kitu, anapima muda, anarudia, na kupata kwamba vitu vinaongeza kasi kwa mita 15 kwa sekunde kila sekunde, ilhali duniani ni 9.8 tu. Kisha anatengeneza pendulamu ili ajue kama chumba kinazungushwa kama mashine ya maabara, kwa kuwa ndani ya kitu kinachozunguka nguvu hubadilika kadiri unavyosogea mbali na kitovu. Kabla hajajua yeye ni nani, keshajua kwamba hayuko duniani.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Tanga, na sehemu hiyo sikuweza kuisoma nikiwa nimekaa. Siku ya pili yake nilikwenda darasani, Kidato cha Tatu, nikiwa na kokoto na kamba ya katani, ambayo mkoani kwetu haikosekani. Tuliifunga kwenye boriti ya veranda, tukapima mita moja kutoka fundo hadi katikati ya kokoto, tukaiachia. Mizunguko ishirini ilichukua sekunde arobaini, kama vitabu vinavyosema. Halafu tukafanya hesabu ubaoni: kokoto ile ile, kamba ile ile, ndani ya chombo cha yule mtu, ingemaliza mizunguko ishirini kwa sekunde 32 na nusu hivi. Darasa lilinyamaza kidogo. Binti mmoja anayeketi dirishani akauliza kwa nini mtu huyo asichungulie nje badala ya kuhangaika na kamba. Nikamjibu kwamba hakuna dirisha. "Basi," akasema, "tuambie kilichomfikisha huko."

Ndivyo nilivyoanza kuwasimulia, dakika tano mwishoni mwa kila kipindi, muhula mzima. Somo naliandika ubaoni kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na hadithi niliisema kwa Kiswahili, na nakiri kwamba mara nyingi fizikia iliyobaki vichwani mwao ni ile ya dakika tano za mwisho.

Kilichomfikisha huko ni kiumbe wa seli moja. Wanasayansi katika riwaya wanaona mstari wa mwanga wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ukitoka kwenye jua na kuelekea Zuhura, na papo hapo wanagundua kwamba jua linafifia. Mstari huo ni msafara wa viumbe wadogo mno wanaoitwa Astrophage, yaani mla nyota. Hula nishati ya jua, huiweka mwilini, kisha husafiri kwenda Zuhura kwa sababu huko ndiko kuliko na hewa ya kaboni dayoksaidi wanayoihitaji ili wazaane, na baada ya hapo hurudi juani kula tena. Ndani ya mwili wao joto halipandi wala halishuki, ni nyuzi 96.415 za Selsiasi wakati wote. Jua likiendelea kuliwa, dunia itapoa, mazao yatakufa, na ndani ya miongo michache tu wanadamu watakuwa wanauana kwa ajili ya chakula. Nyota za jirani nazo zimeambukizwa, zote isipokuwa moja, Tau Ceti, iliyo umbali wa karibu miaka 12 ya nuru. Mtu aende akaone kwa nini hiyo imepona.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba adui ndiye mafuta. Karibu uzito wote wa Astrophage aliyeshiba ni nishati iliyofungiwa, na anapotaka kusogea huitoa kama mwanga, akasukumwa upande wa pili. Ili wanafunzi wangu waelewe maana ya uzito kugeuka nishati, niliwapa hesabu ya nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Je, likizalisha umeme kwa uwezo wake wote, mchana na usiku, bila kusimama, litahitaji muda gani kufikisha nishati iliyomo katika kilo moja ya kitu chochote? Jibu ni siku zaidi ya 490. Chombo cha riwaya kinabeba kilo milioni mbili za mafuta hayo.

Kuyapata mafuta hayo kunahitaji eneo kubwa lenye jua kali, na hapo ndipo panaponikera. Mkuu wa mradi, mwanamke wa Kiholanzi aitwaye Eva Stratt, amepewa na mataifa mamlaka yasiyo na mpaka, na uamuzi unapitishwa wa kulifunika eneo kubwa la jangwa la Sahara kwa vibao vyeusi vya kuwazalishia Astrophage. Riwaya inajali athari za hali ya hewa, na hilo ni haki. Lakini wanaoishi huko na mifugo yao na visima vyao hawapewi hata ukurasa mmoja wa kuulizwa wanaonaje. Nilipolisema hilo darasani, kijana mmoja alinijibu kwamba kama dunia inakufa hakuna muda wa kuuliza. Sikumjibu siku hiyo. Bado nadhani muda wa kuuliza ungepatikana, kwa sababu walipata muda wa mambo mengine mengi.

Nirudi kwa yule mtu. Anaitwa Ryland Grace, na kumbukumbu zinavyomrudia anajua kwamba alikuwa mwalimu wa sayansi wa watoto wa shule. Chombo kinafika Tau Ceti, na huko anakuta chombo kingine, kikubwa kuliko chake, kimeshatangulia.

Hapa ndipo kitabu kinapokuwa kikubwa. Aliyemo katika chombo hicho ametoka kwenye nyota ya 40 Eridani, kama miaka 16 ya nuru kutoka kwetu. Ana miguu mitano ambayo pia ni mikono, gamba gumu kama jiwe, hana macho, huona kwa sauti, na huongea kwa milio inayofanana na muziki, noti kadhaa kwa mpigo mmoja. Kwao hewa ni amonia yenye mgandamizo mara 29 ya wetu na joto la nyuzi 210, kwa hiyo hawa wawili hawawezi hata kupeana mkono. Akiingia mmoja kwa mwenzake, atakufa. Grace anamwita Rocky kwa sababu anaonekana kama mwamba. Naye amekuja kwa shida ile ile, nyota yake inaliwa.

Wanaanzaje kuongea? Kwa saa. Grace anamwonyesha saa, Rocky naye analeta yake, na kutoka hapo wanapata tarakimu, ambazo Rocky huzihesabu kwa mafungu ya sita kwa kuwa mikono yake ina vidole vitatu vitatu. Kutoka kwenye tarakimu wanapata vipimo, kutoka kwenye vipimo wanapata majina ya elementi, kisha vitenzi, kisha ndiyo na hapana. Grace anarekodi kila mlio kwenye kompyuta na kuuandika kwenye jedwali, mstari kwa mstari, na mwanzoni akisikia sentensi lazima asome skrini ili ajue ameambiwa nini. Rocky haandiki kitu. Akisikia neno mara moja limekaa.

Weir ameipa lugha ya Rocky sura ya kigeni kwa mbinu mbili. Kila anapouliza, anamalizia sentensi kwa neno linaloashiria kwamba hili ni swali. Na anapotaka kusisitiza, hulirudia neno lile lile mara mbili tatu. Msomaji wa Kiingereza anacheka kwa sababu hajazoea. Mimi nilipowasimulia wanafunzi nilikwama kwa sababu iliyo kinyume. Neno la kuashiria swali tunalo, ni "je", tunaliweka mwanzoni au mwishoni na hakuna anayeshangaa. Kurudia neno ndiyo kawaida yetu: polepole, harakaharaka, sasa hivi hivi. Rocky akisema kwa Kiswahili "Unalala, je? Vizuri, vizuri, vizuri," anakuwa jirani wa kawaida kabisa wa mtaa wa pili. Hata lile suala la kama amwite mwanamume au mwanamke, ambalo Grace analazimika kuliamua, kwetu halipo, kwa sababu "yeye" inatosha. Tatizo letu lingekuwa jingine: mwamba uko katika ngeli ya mti na jiwe ni la ngeli yake, lakini aliye hai huitwa "huyu". Wanafunzi walibishana siku mbili. Siku ya kwanza, alipokuwa bado hajaongea, walisema "hicho kidude." Alipotaja tarakimu yake ya kwanza, bila mimi kuwaelekeza, wakaanza kusema "huyo".

Mtu akiniuliza kwa nini namsifu Weir, ambaye si bingwa wa sentensi nzuri na ambaye utani wake mwingine ungefaa kukatwa, nitamtajia mambo mawili kuhusu Rocky. La kwanza ni ujinga wake. Watu wa kwao hawaijui nadharia ya uhusianifu, hawajui kwamba muda hupungua kwa anayesafiri karibu na kasi ya nuru, hivyo walipiga hesabu ya mafuta kwa kanuni za kawaida na wakabeba mengi kupita kiasi. Ziada hiyo ndiyo inayompa Grace mafuta ya kurudi nyumbani, kwa kuwa yeye alitumwa kwa safari ya kwenda tu. Vilevile hawaijui mionzi. Walikuwa 23 chomboni, wakafa mmoja baada ya mwingine bila kujua kinachowaua, akabaki Rocky peke yake kwa kuwa ni fundi na karakana yake ilikuwa imezungukwa na mafuta, ambayo huizuia mionzi. Grace ndiye anayemweleza, miaka mingi baadaye, walikufa kwa nini.

La pili ni usingizi. Kwao mtu akilala hujifia kabisa, haamki hata ukimtikisa, kwa hiyo desturi yao ni kwamba mwenzako akilala wewe unakaa naye na kumtazama mpaka azinduke. Rocky alikuwa amekaa peke yake miaka 46. Miaka yote hiyo alilala bila mtu wa kukesha naye. Siku ya kwanza anapoomba kumwangalia Grace akilala, Grace anaona ni jambo la ajabu kidogo. Darasani kwangu hakuna aliyeona ajabu. Wote wameshawahi kukesha na mgonjwa.

Wiki ile umeme ulikatika usiku mbili mfululizo. Ilikuwa Desemba, nikatoka uani na kuzitafuta nyota hizo mbili. Huku kwetu Tau Ceti hupita karibu na utosi, nyota ndogo tulivu isiyovutia macho, na 40 Eridani hufuata baadaye, hafifu zaidi, katika kundi ambalo Waarabu waliliita Nahr, mto. Nyota angavu kuliko zote za kundi hilo, kule kusini, ni Achernar, na ukilitamka jina hilo polepole utasikia maneno mawili unayoyajua: akhiri ya mto. Nuru ya Tau Ceti niliyoiona usiku ule ilianza safari wanafunzi wangu wakiwa chekechea. Mwaka 1960 Frank Drake aliielekezea darubini ya redio kule Green Bank, Marekani, akisikiliza kama kuna anayeongea, asisikie kitu. Na 40 Eridani ina kisa chake: mwaka 2018 wanaastronomia walitangaza dalili za sayari inayoizunguka, riwaya ikatoka sayari hiyo ikiwa bado inatajwa, halafu mwaka 2024 vipimo vipya vikaonyesha kwamba ilikuwa ni mitikisiko ya nyota yenyewe. Kwa hiyo nyumbani kwa Rocky hakupo tena. Niliwaambia wanafunzi, wakasikitika kama vile wamefiwa.

Sasa nifike kwenye lile lililonichoma. Muda mrefu Grace anaamini, na sisi tunaamini pamoja naye, kwamba alijitolea. Kumbukumbu ya mwisho kumrudia inasema vingine. Wanasayansi waliochaguliwa walikufa katika mlipuko siku chache kabla ya safari, na Grace ni mmoja wa wale wachache, mtu mmoja katika kila 7,000, ambao chembe zao za urithi zinawawezesha kuvumilia usingizi wa miaka ya safari. Stratt akamwambia aende. Akakataa. Akalia, akajitetea kwamba watoto wa shule wanamhitaji. Stratt akamjibu kwamba yeye ni mwoga, kwamba aliikimbia sayansi siku makala yake ilipokosolewa, akaenda kujificha darasani, kwa watoto wanaomwona shujaa. Kisha akaamuru akamatwe, achomwe dawa ya kumsahaulisha, na apakiwe.

Niliweka kitabu chini. Nina miaka kumi na tisa kazini, na swali la "kwa nini hukuendelea, ukaishia kufundisha" nimeshaulizwa katika harusi, katika misiba, na mara moja ndani ya daladala. Sikutarajia kuulizwa na mtu asiyekuwepo, tena aliye na haki nusu. Kwa sababu Stratt hasemi uongo. Grace alikimbia kweli. Wapo wanaokimbilia darasani, nami sitasema sijui mtu kama huyo.

Wanafanikiwa. Wanampata huko kiumbe anayekula Astrophage, wanamfuga, wanampa mafunzo ya kustahimili nitrojeni, kila mmoja anachukua wake na kuelekea kwake. Grace yuko njiani kurudi duniani, akiwa na chakula, akiwa na mafuta, shujaa wa sayari nzima, ndipo anapogundua kwamba viumbe hao wamejifunza kupenya kitu kile kigumu ambacho chombo cha Rocky kimetengenezwa nacho. Yaani watafika kwenye mafuta yote ya Rocky na kuyala. Rocky atakwama angani na watu wake watakufa, naye hajui. Na Grace akigeuza kumfuata, hatakuwa na chakula cha kumrudisha nyumbani.

Anakaa na hesabu hiyo. Hakuna Stratt, hakuna askari, hakuna dawa. Anavituma vyombo vidogo vinne duniani vikiwa na dawa ya jua, kisha anageuza.

Sidhani Weir anatuambia kwamba mwoga amepona woga wake. Grace anaogopa mpaka mwisho, na anaogopa kwa sababu zenye akili. Ninachokiona mimi ni kwamba Stratt alikosea kuhusu darasa. Mtu aliyekaa miezi na mwenzake akihangaika kumfanya aelewe neno moja, na yeye mwenyewe kuelewa moja, hawezi tena kumhesabu kama namba katika mlinganyo. Hilo halijifunzwi maabara. Grace alikwenda nalo kutoka shuleni, lilikuwa ndani ya ule mzigo aliopakiwa nao bila hiari.

Watu wa Rocky wanamjengea makazi chini ya kuba lenye hewa yake, wanamtengenezea nyama iliyooteshwa kutokana na misuli yake mwenyewe, jambo ambalo wanafunzi walilifurahia kupita kiasi. Miaka inapita. Habari inafika kwamba jua letu limepona. Katika ukurasa wa mwisho anaingia darasani, upande wa pili wa ukuta wapo watoto thelathini wenye miguu mitano mitano, na anawauliza nani anajua kasi ya nuru. Wanainua makucha.

Niliwasimulia hilo Ijumaa ya mwisho ya muhula, na kengele ilikuwa imeshalia. Hakuna aliyeinuka. Binti wa dirishani akauliza kama alirudi nyumbani baada ya hapo. Nikasema kitabu kinamwacha huko huko, akifundisha.

"Hata likizo, Mwalimu?"